Mbwa wa Ratili Nne

Sikuzaliwa katika nyumba ya wapenda mbwa. Marehemu baba yangu alifuga watatu, wa kuwinda digidigi na kufukuza nyani shambani, wala sikumbuki hata siku moja kumwona akimgusa mmoja wao kwa mkono. Walikula makoko ya ugali na mifupa tuliyokwisha kuimaliza sisi, walilala kwenye majivu ya jiko la nje, na alipokufa mmoja aliburutwa kwa kamba hadi vichakani, kazi ikaendelea. Nilipokuwa mwalimu mkuu nami nilifuga, maana nyumba yangu ilikuwa mbali na nyingine na wezi wa mabati walikuwa wengi. Mbwa kwangu alikuwa kufuli yenye meno. Namwomba basi msomaji anisamehe nikimwambia kwamba insha hii inamhusu mbwa wa ratili nne, yaani chini ya kilo mbili, ambaye hawezi kumfukuza nyani wala kumtisha mwizi wa mabati.

Mwezi wa kumi, mwaka 2016, nikiwa na umri wa miaka 67, nilisafiri kwenda El Paso, mji ulio kwenye ncha ya magharibi ya jimbo la Texas, Marekani. Binti yangu ni muuguzi huko na mumewe huendesha malori ya masafa marefu. Mama yao alikuwa amekwenda mwaka uliotangulia akakaa miezi mitano. Safari hii zamu ilikuwa yangu, yeye akabaki na mahindi. Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi: kuwapo nyumbani mjukuu wangu wa miaka 9 arudipo shuleni, na kumwangalia mtoto wa mbwa ambaye baba yake alikuwa amemnunulia wiki mbili kabla sijafika. Mjukuu alikwisha kumpa jina la Pilipili.

"Kwa nini Pilipili?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ni mdogo na anawasha, babu."

Nilimtazama. Masikio kama ya popo, macho makubwa kama ya komba, miguu kama njiti za kiberiti. Alikuwa na wiki kumi na moja hivi na hakufika hata ratili mbili. Tena alikuwa akitetemeka mwili mzima.

"Huyu ni mgonjwa," nikasema.

Binti yangu akacheka. "Ni Chihuahua, baba. Ndivyo walivyo wote."

Jina hilo hutamkwa Chiwawa, na mimi kwa siku mbili za kwanza nililitamka kama lilivyoandikwa, mjukuu akafurahi sana.

Kwenye mlango wa jokofu binti yangu alikuwa amebandika karatasi. Iliandikwa saa za kumlisha mbwa: mara nne kwa siku, kidogo kidogo, asikose hata mara moja, asilale sakafuni penye baridi, asifungwe kamba shingoni. Niliisoma kama nilivyozoea kusoma nyaraka za kutoka wilayani, yaani kwa heshima na bila nia kubwa ya kutekeleza. Mbwa gani hulishwa mara nne? Watoto wangu mwenyewe kuna miaka walikula mara mbili. Nikaamua kwamba mnyama huyu anadekezwa, na kwamba mwalimu aliyefundisha miaka 38, 21 kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu, anaijua dawa ya kudeka. Nikawa nampa chakula asubuhi na jioni. Katikati akilia, namwacha alie.

Siku ya tatu binti yangu alikuwa kwenye zamu yake ya saa 12 hospitalini. Usiku ulikuwa wa baridi. Mji ule ni jangwa, na jangwa halijui kuhifadhi joto. Asubuhi Pilipili alikinusa chakula akakiacha. Nikakiondoa, nikasema njaa itamfunza. Ilipofika saa nane na nusu mchana nilimwona akitembea kama mlevi. Akagonga mguu wa meza, akaanguka ubavu, miguu ikawa inapigapiga hewani. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Nimewahi kuyaona macho ya namna ile, nitasema baadaye ni wapi. Nilisimama pale jikoni nisijue la kufanya, mtu mzima niliyekwisha kuzika wazazi na kuongoza shule ya watoto mia saba, hadi mlango ulipofunguliwa na mjukuu wangu akaingia na mkoba wake mgongoni.

Hakupiga kelele. Alifungua kabati, akatoa chupa ya asali, akachovya kidole na kumpaka mbwa kwenye fizi, tena na tena, huku amemfunika kwa sweta lake.

"Ni sukari, babu. Imeshuka. Amekula saa ngapi?"

Sikumjibu. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, Pilipili aliinua kichwa na kuanza kulamba kidole. Jirani alitupeleka kwa daktari wa wanyama, mama wa Kimeksiko mwenye nywele nyeupe, ambaye alimtia maji ya sukari kwenye mshipa na kunieleza mambo yote taratibu bila kunilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko kulaumiwa. Mtoto wa mbwa mdogo kiasi hiki, alisema, ana ini dogo lisiloweza kuweka akiba ya kutosha, na mwili wake unachoma chakula upesi ili usipoe. Mbwa mkubwa akikosa mlo hukasirika. Huyu akikosa, na hasa kukiwa na baridi, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za mbwa huyu. Mtu akiaibika huenda akalewa au akasoma, na mimi nimezoea hilo la pili.

El Paso ni mahali pazuri pa kumsomea. Ukipanda kwenye miteremko ya milima iliyo nyuma ya mji unauona mto Rio Grande, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka haustahili jina lake, na ng'ambo yake unaona mji mwingine, Ciudad Juárez. Huko ni Meksiko, katika jimbo liitwalo Chihuahua, kubwa kuliko majimbo yote ya nchi ile, zaidi kidogo ya robo ya Tanzania. Mto ukawa mpaka kwa mkataba wa mwaka 1848, Meksiko iliposhindwa vitani na kupoteza eneo kubwa la kaskazini. Reli ilifika El Paso mwaka 1881, na pamoja na reli wakaja wasafiri wenye fedha na hamu ya kurudi kwao na kitu cha ajabu. Wenyeji wa mpakani wakawauzia mbwa wadogo. Wanunuzi hawakujali mbwa hao huitwaje kwao; wakawaita kwa jina la mahali walikotoka.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuwacheka. Katika karne ya 19 meli za Marekani zilipoleta Zanzibar vitambaa vya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, babu zetu waliviita merikani, na hata leo bibi mzee atakwambia amevaa merikani ijapokuwa kitambaa kimefumwa kwingine kabisa. Jina la bidhaa mara nyingi hukueleza aliyeinunua zaidi ya aliyeitengeneza.

Kuanzia hapo habari za mbwa huyu ni nyepesi kuzifuata. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani waliwaingiza katika daftari zao za mbwa wa nasaba. Mwaka 1923 wapenzi wake wakaunda chama chao. Mwaka 1952 wenye manyoya mafupi na wenye manyoya marefu wakatenganishwa katika mashindano. Kiongozi wa bendi Xavier Cugat alijulikana kwa kupiga muziki akiwa amempakata mmoja mkononi. Mwaka 1997 mikahawa ya Taco Bell ikamweka katika matangazo yake ya televisheni, mwaka 2001 akatokea katika sinema ndani ya mkoba wa msichana tajiri, na kila binti akamtaka. Miaka michache baadaye nyumba za kutunzia mbwa walioachwa huko California zilikuwa zimejaa Chihuahua, hata wengine wakasafirishwa kwa ndege kwenda miji ya mashariki kutafutiwa wenyewe. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba mkoba ukichakaa hutupwa, na waliomnunua kama mkoba walifanya hivyo hivyo.

Kilichonishika ni habari za kabla ya reli.

Wauza mbwa husema huyu ni mbwa mtakatifu wa wafalme wa kale wa Meksiko, aliyeishi katika majumba ya Moctezuma. Mwalimu wa historia hujifunza mapema kuishuku hadithi inayosaidia kuuza kitu. Lakini hadithi hii haikuzuka hewani. Huko Colima, magharibi ya Meksiko, watu waliozikwa katika makaburi ya mashimo marefu, kati ya takriban mwaka 300 K.K. na mwaka 300 B.K., waliwekewa mbwa wa kufinyangwa kwa udongo mwekundu. Nimeziona picha zake. Ni mbwa wanene, wafupi, wengine wamejikunja wamelala, wengine wamekaa wakisikiliza. Mmoja amevikwa kinyago chenye uso wa mtu. Mfinyanzi aliyewafanya alikuwa amewatazama mbwa kwa karibu sana. Baba yangu asingeweza kukwambia mbwa wake hulala vipi.

Kwa nini mbwa kaburini? Padri Bernardino de Sahagún, aliyefika Meksiko mwaka 1529 na kukaa huko hadi alipofariki mwaka 1590, aliwauliza wazee wa Kinahua mambo ya kwao na kuyaandika kwa lugha yao. Wazee walimweleza kwamba marehemu katika safari yake hufika kwenye mto, na ni mbwa wake ndiye amvushaye. Ila si mbwa yeyote. Mweupe hukataa, akisema kwamba ametoka kuoga sasa hivi. Mweusi naye hukataa kwa kuwa ametoka kuchafuka. Mwenye rangi ya manjano ndiye hukubali. Nilimsomea mjukuu wangu maneno haya, akamtazama Pilipili kwa muda, maana ana rangi ya mchanga, kisha akasema, "Basi babu umebahatika."

Tusije tukadhani lakini kwamba walimpakata na kumbusu. Nchi ile haikuwa na ng'ombe, mbuzi, nguruwe wala kuku. Wanyama wa kufugwa kwa nyama walikuwa mbwa na bata mzinga, basi. Mbwa walinenepeshwa na kuuzwa sokoni, na soko la Acolman lilijulikana kwa biashara hiyo. Tabibu Francisco Hernández, aliyetumwa na mfalme wa Hispania katika miaka ya 1570 kuandika habari za mimea na wanyama, alimtaja mbwa mdogo aitwaye techichi, na akasema wenyeji humla. Mnyama yule yule alikuwa kitoweo, sadaka na mvushaji wa roho. Mtu wa kisasa huona hapo mgongano. Mimi niliyekulia kwa wafugaji sioni mgongano wowote. Babu yangu alimwimbia fahali wake na akamla.

Kisha Hernán Cortés akatia nanga mwaka 1519, na mwaka 1521 mji wa Tenochtitlan ukaanguka. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwaka 1969, tulisomeshwa habari za farasi, za bunduki na za ndui. Hakuna aliyetuambia habari za mbwa. Wahispania walikuja na mbwa wa vita, wakubwa kama ndama, waliofunzwa kurarua watu. Wajumbe wa Moctezuma waliporudi kutoka pwani walimweleza habari za mbwa hao kwa hofu kubwa: masikio yao yaliyolala, macho yao yanayowaka. Walikuwa watu waliowajua mbwa maisha yao yote, na hawakuwahi kudhani kwamba neno hilo lina maana hiyo pia.

Likawapata mbwa wa kwao lililowapata wenyewe. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha uchunguzi wa vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya mbwa wa kale wa Amerika, ambao wa zamani zaidi, waliofukuliwa Illinois, wana umri wa takriban miaka 10,000. Walikuta kwamba mbwa wale, waliotoka Asia na kukaa na watu maelfu ya miaka, karibu wametoweka kabisa baada ya Wazungu kufika. Huenda ni maradhi mageni, huenda ni kuuawa, huenda wageni walipandana na mbwa wao tu. Pengine ni yote. Jamaa wa karibu zaidi wa mbwa wale aliye hai leo si mbwa. Ni saratani, ile inayoambukizwa mbwa wanapopandana, iliyoenea duniani kote hata kwa mbwa koko wetu hapa. Seli zake zilianza katika mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na nasaba yake iko karibu na ya wale wa kale wa Amerika. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikaenda kutembea.

Na Chihuahua je? Uchunguzi wa mwaka 2020 ulimkuta Chihuahua mmoja akiwa na takriban asilimia 4 ya asili ya mbwa wale wa kale. Mwingine, wa mwaka 2025, umekuta kwamba baadhi ya Chihuahua wa leo bado wamebeba vinasaba vya upande wa mama kutoka kwa mbwa wa Meksiko wa kabla ya Wahispania. Sehemu iliyobaki kubwa ni damu ya mbwa wa Ulaya. Kwa hiyo muuza mbwa wa El Paso alisema uongo, lakini haukuwa uongo mtupu. Mkufunzi wetu wa historia chuoni alishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia, na sisi vijana wa baada ya Uhuru tulibishana naye hadi kengele ikalia, tukimtajia ngoma, majina ya koo na masimulizi ya wazee. Hakuna kati yetu aliyefikiri kumtajia mnyama wa mamboleo anayetetemeka kwenye sweta la mtoto.

Hata udogo wake una historia ndefu kuliko nilivyodhani. Nilidhani ni ufundi wa wafugaji wa kisasa, wa kuchagua mdogo na mdogo hadi wapate wa kutia mfukoni. Ni kweli walichagua. Lakini mwaka 2007 wataalamu waligundua kinasaba kimoja chenye sehemu kubwa katika kuwafanya mbwa wadogo wawe wadogo, na mwaka 2022 wengine wakakuta badiliko linalohusika nacho katika mbwa mwitu wa Siberia aliyekufa miaka 54,000 iliyopita. Udogo ulikuwa umejificha ndani ya mbwa mwitu ukingoja binadamu apate haja nao.

Sasa niseme kidogo jinsi anavyotunzwa, maana nilijifunza kwa gharama. Kutetemeka kwake si woga peke yake. Chukua viazi viwili vya moto, kimoja kikubwa na kimoja kidogo kama ndimu, viweke mezani. Utaona kipi hupoa kwanza. Ndiyo maana hutafuta blanketi, jua la dirishani au paja la mtu, na ndiyo maana sweta analovaa, ambalo nililicheka, si urembo. Wengi wao wana utosi kama wa mtoto mchanga, mahali laini juu ya fuvu ambapo mfupa haukukutana, na kwa baadhi yao haufungi maisha yote. Mlango ukimpiga pale ni hatari. Bomba lake la pumzi ni jororo, kwa hiyo hafungwi mkanda shingoni bali kifuani. Pia za magoti huteguka kwa kuruka kutoka kwenye viti. Meno ndiyo balaa kubwa. Mbwa mkubwa na mbwa mdogo wote wana meno 42, na huyu hana taya la kuyaweka. Meno ya utotoni mara nyingi hayatoki yenyewe, mapya hubanana nayo, na uchafu hukaa hapo. Husuguliwa kwa mswaki kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsugua, jambo ambalo sikulitaja kwenye barua hata moja niliyoandika nyumbani. Akitunzwa hivyo huishi miaka 14, 15, hata zaidi. Mbwa wa baba yangu walikuwa na bahati wakifika saba.

Kuhusu tabia yake watu husema ni jasiri, hajui kwamba ni mdogo. Tuna msemo kwamba usione wembamba wa reli, gari moshi hupita juu yake, na binti yangu aliutumia sana kumsifu Pilipili alipombwekea mbwa wa jirani aliyemzidi mara ishirini. Mimi nilikaa naye mchana kutwa miezi minne, nikaona vingine. Alijua vizuri sana kwamba ni mdogo. Dunia yake ilikuwa ya miguu inayoweza kumkanyaga na mikono inayoshuka kutoka juu ghafla na kumnyakua. Alibweka kabla hajashambuliwa kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kungoja aone. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliowauliza wenye mbwa wa aina nyingi, na Chihuahua alikuwa miongoni mwa waliozidi kwa ukali juu ya wageni, na hata juu ya wenyewe. Lakini nani huchukua hatua? Mbwa mkubwa akinguruma, mwenyewe hutafuta mwalimu siku hiyo hiyo. Mdogo akinguruma, watu hucheka na kumpiga picha. Basi hafundishwi kitu, kisha husemwa kwamba aina yake haifundishiki.

Nilimfundisha. Sikuinua mkono wala sauti, kwa sababu mara ya kwanza nilipoinua sauti alijikojolea, nami nikaenda kukaa uani kwa muda. Nilikuwa nakaa sakafuni, na mgongo wangu huu, ili mkono wangu umfikie kwa ubavuni badala ya kumshukia kichwani. Punje moja ya chakula kwa kila jambo jema. Wiki ya tatu alijua kukaa, kungoja, na kuja akiitwa kwa Kiswahili. Akawa wangu. Mbwa hawa huchagua mtu mmoja, na kwa sababu nisizoelewa hakumchagua mtoto aliyemwokoa. Alimchagua aliyetaka kumuua kwa njaa. Nikienda msalani alilala mlangoni.

Nilisema nimewahi kuyaona macho yale. Mapema mwaka 1997, mwaka wa ukame uliotangulia mvua za El Niño, nilikuwa na mvulana wa darasa la tano, mfupi kuliko wenzake wote, aliyekuwa akichelewa namba asubuhi na kusinzia darasani. Walimu walimleta kwangu. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Nilimchapa viboko vinne kwa uvivu. Kiboko cha nne kilimkuta amekwisha kuanguka, macho wazi, hayanioni. Tulimmwagia maji. Mwalimu mmoja wa kike, ambaye hakunisemesha tena hadi alipohama, alimkoroga sukari katika kikombe na kumnywesha, na ndipo ilipojulikana kwamba kwao alikaa na bibi yake na walikula mara moja, usiku. Nilisema mbele ya walimu kwamba mtoto angepaswa kusema. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni, nami nikaandika kwenye rejista neno tulilokuwa tukiandika: mtoro.

Niliporudi kutoka El Paso nilimtafuta. Haikuwa kazi ngumu. Mwalimu mkuu mstaafu ana wanafunzi kila kituo cha basi. Ni fundi mwashi, ana watoto wanne, anaishi mji mwingine. Namba yake ya simu ilikaa ndani ya miwani yangu, kwenye kasha, kuanzia Machi hadi Julai. Siku niliyompigia aliitambua sauti yangu kabla sijajitaja.

"Shikamoo, mwalimu mkuu!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Tulizungumza mvua, bei ya saruji, walimu waliofariki. Nikamwambia kuna asubuhi moja ya mwaka 1997 ambayo nataka kumwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, nikasikia nyundo za wenzake.

"Asubuhi ipi, mwalimu?" akauliza, kwa adabu kabisa. "Zilikuwa nyingi."

Nikamweleza ile ya sukari. Akasema hiyo haikumbuki yeye, ila anakumbuka kikombe. Kilikuwa cha bati, chenye ua la bluu. Akanishukuru kwa kupiga, akaniomba niwasalimie nyumbani, akasema zege linaganda.

Pilipili ana miaka 9 sasa. Meno 11 yamekwisha kung'olewa na ulimi hutokeza upande mmoja. Mjukuu wangu, ambaye amekuwa msichana mkubwa, hunipigia simu ya picha siku za Jumapili na kumwinua mbele ya kioo. Huniangalia kwanza asinitambue, maana sura kwenye simu haina harufu. Kisha nasema, "Pilipili, njoo," naye hupita nyuma ya simu kunitafuta.